Kuwangoja Ndege, Kuyatafuta Maua: Mwongozo wa Machipuko Mashambani

Wengi wanaotaka kuyaona majira ya machipuko hutoka wakiwa wamechelewa. Hungoja Jumapili moja ya jua mwezi Mei, miti imeshavaa majani, ndege wanaimba kila upande, wapige picha zao na kurudi nyumbani. Wamefurahi, ndiyo, ila hawakuona kitu chochote kikirudi. Kurudi huonwa na yule aliyepita pale pale pakiwa patupu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza Februari, kwenye tope.

Mifano yote ni ya Ulaya kaskazini-magharibi, kuanzia Uingereza hadi Ujerumani na Denmark. Aliye kusini mwa ikweta, kwenye nchi ya majira manne, aanze Agosti. Maua na ndege wake ni wengine, lakini utaratibu ni huu huu.

Hatua ya 1: Chagua njia moja na uishikilie

Usihangaike na hifadhi maarufu. Tafuta njia ya kilomita moja au mbili unayoweza kuipita mara mbili kwa wiki bila kuona taabu, hata siku ya mawingu. Njia nzuri ina kipande cha msitu wa miti inayopukutisha majani, maji yaliyotulia, ua wa miti ya miiba kando ya shamba, uwanda wa wazi, na ikiwezekana banda kuukuu la mifugo. Msitu utakupa maua. Maji yatakupa mbayuwayu wa mwanzo. Ua wa miiba ni makazi ya ndege wadogo wanaoimba, na kwenye banda ndiko mbayuwayu watakakojenga. Ukikosa vyote, usikose msitu na maji.

Pita mara ya kwanza katikati ya Februari. Utadhani hakuna la kuona, kumbe huu ndio wakati pekee ambapo viota vya mwaka jana vimekaa wazi kwenye matawi matupu. Chora ramani ya njia yako kwa mkono na uvitie alama. Ikifika Mei hutaviona tena, lakini utakuwa unajua ni kichaka kipi cha kukaa mbali nacho na kukitazama kwa darubini.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa ufupi

Daftari la mfukoni na penseli. Wino huchuruzika mvua ikinyesha. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na hicho ndicho kinachoingiza mwanga. Wauzaji watakusifia zile za kukuza mara 12. Ziache: mkono ukitetemeka kidogo picha yote inatetemeka, na ndege anayeruka hutampata. Ongeza lenzi ndogo ya mkononi ya kukuza mara 10 kwa ajili ya maua. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, mimi ningemwambia anunue hiyo lenzi kwanza.

Programu za simu kama Merlin humtambua ndege kwa sauti yake. Zinasaidia, ila zichukulie kama dokezo. Mtafute ndege mwenyewe kwa macho kabla hujaandika jina lake.

Halafu kuna kupe, jambo ambalo vitabu vya ndege hulipita juu juu. Joto likianza kupanda nao huamka, na baadhi yao hubeba vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Ukimkuta amejishika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja bila kumminya. Duara jekundu linalotanuka likitokea siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Hatua ya 3: Februari na Machi, tazama chini

Maua ya msituni yako mbioni, na yanayoshindana nayo ni majani ya miti. Kuanzia Februari hadi Aprili mwanga wa jua hufika hadi ardhini. Mialoni na wenzake ikishafunga majani, chini panakuwa giza. Kwa hiyo mimea midogo, ikitumia akiba iliyojiwekea kwenye vitunguu vyake vya chini ya ardhi na mizizi minene, huchanua upesi, hutoa mbegu, hujaza akiba upya na kunyauka. Ukiitafuta mwezi Julai utakuta majani makavu tu.

Wa kwanza ni Galanthus, vile viua vyeupe vinavyoinamisha kichwa, ambavyo huweza kuonekana tangu Januari. Kisha hufuata Ficaria verna: ua la manjano lenye petali nyembamba kama nane hadi kumi na mbili, zinazong'aa kana kwamba zimepakwa vanishi, na majani yenye umbo la moyo. Hili hujifunga wingu likipita, kwa hiyo kulitafuta asubuhi na mapema ni kazi bure. Nenda saa sita mchana, siku ya jua.

Kando ya barabara na kwenye udongo uliofukuliwa, tafuta Tussilago farfara. Anayeanza huliona ua la manjano akadhani ni yale ya kawaida ya kwenye nyasi. Tazama bua lake: limevaa magamba kuanzia chini hadi juu, na hakuna jani hata moja. Majani huja baadaye, ua likishamaliza kazi yake.

Mwishoni mwa Machi piga magoti mbele ya primula, ua la manjano hafifu linalokaa chini kwenye kingo za mitaro na pembezoni mwa msitu. Tazama katikati ya ua kwa lenzi yako. Kwenye mmea mmoja utaona kitu cha kijani, cha mviringo, mfano wa kichwa cha pini: hiyo ni stigma, sehemu ya kike, nayo imefika hadi mdomoni mwa ua. Kwenye mmea wa jirani hakipo. Badala yake kuna duara la vifuko vya chavua, na stigma imejificha chini. Kila mmea una aina moja tu. Mdudu akichovya ulimi kwenye ua la aina ya kwanza, chavua humshika mahali panapolingana na stigma ya aina ya pili, na vivyo hivyo kinyume chake. Charles Darwin alichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 1862. Hesabu mimea ya kila aina kwenye ukingo mmoja uone kama zinakaribiana idadi. Ni mchezo mzuri kwa watoto pia, wanaochoka haraka na ndege.

Juu ya vichaka kuna swali linalowachanganya wengi: miti miwili ya miiba, yote yenye maua meupe. Jibu ni rahisi. Prunus spinosa hutoa maua kwanza, Machi na Aprili, juu ya matawi meusi yasiyo na majani. Crataegus hutoa majani kwanza, maua hufuata Mei.

Siku hizo hizo utasikia mvumo mzito karibu na vifundo vya miguu yako. Ni nyuki wakubwa wenye manyoya, wanaoruka chini chini wakipekua kila shimo. Hao ni malkia waliolala ardhini majira yote ya baridi, sasa wanatafuta pa kuanzisha koloni. Yale maua machache unayoyaona ndiyo chakula chao. Usiyachume.

Hatua ya 4: Masikio kabla ya macho

Machi ni mwezi bora wa kujifunza nyimbo za ndege, kwa sababu mwimbaji bado anaonekana. Hakuna majani ya kumficha. Anza na wenyeji, wale ambao hawakuondoka. Robini mwenye kifua chekundu huimba hata theluji ikiwa chini. Kipozamataza huimba akipanda angani juu ya mashamba ya wazi, anapanda hadi anakuwa nukta, anaimba kwa dakika kadhaa bila kupumzika, kisha anashuka na mwishowe anajiachia kama jiwe. Usimtafute kwa darubini kwanza. Simama, geuka taratibu mpaka sauti iwe sawa masikio yote mawili, ndipo uinue macho.

Wenyeji ukishawazoea, mgeni atajitangaza mwenyewe. Katikati ya Machi, kileleni mwa mti, utasikia sauti mbili zinazopokezana bila mpangilio maalumu: chif, chaf, chif, chif, chaf. Huyo ni Phylloscopus collybita, ndege wa kijani-kahawia mwenye uzito usiofika gramu 10. Huwahi kwa kuwa wengi wao hukaa majira ya baridi kando ya Bahari ya Mediterania, si mbali sana.

Wiki tatu au nne baadaye hufika pacha wake, Phylloscopus trochilus, akitokea Afrika kusini mwa Sahara. Kwa macho ni shida kuwatofautisha. Miguu ya wa kwanza kwa kawaida ni myeusi zaidi, lakini nani ataiona miguu hiyo juu ya mti? Wimbo ndio unaomaliza ubishi: wa pili hutiririka kutoka juu kwenda chini, kisha hufifia. Gilbert White, padri wa Kiingereza wa karne ya 18, aliwatenganisha kwa sauti wakati wataalamu wengine wakiwahesabu kuwa ndege mmoja.

Hatua ya 5: Soma upepo

Usiende kuwatafuta mbayuwayu siku yoyote tu ya Aprili. Tazama utabiri wa hali ya hewa. Upepo wa kaskazini ukivuma wiki nzima, wahamaji hukwama njiani. Ukigeuka na kuvuma kutoka kusini, asubuhi inayofuata amka mapema. Ndege wengi wadogo husafiri usiku, na mvua ikiwakuta alfajiri hushuka popote walipo. Vichaka ambavyo jana vilikuwa kimya huweza kujaa ghafla.

Mbayuwayu wao husafiri mchana wakila njiani, na hapa ndipo maji yanapokuwa na faida. Aprili hewa bado ni baridi na wadudu ni wachache, isipokuwa juu ya maziwa na mabwawa wanakoanguliwa. Kwa hiyo mbayuwayu wa kwanza huonekana huko, wakiruka karibu kabisa na uso wa maji, siku kadhaa kabla ya kufika mabandani. Kaa ukingoni upande ambao upepo unatokea, maana wadudu hujikusanya penye kinga.

Inafaa kujua uliyemwona ametoka wapi. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, na wanaozaliana Uingereza hutumia majira ya baridi Afrika Kusini, safari ya karibu kilomita 10,000. Hili halikujulikana siku zote. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa, ndani ya matope. Mwaka 1822 karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa ameruka nao hadi Ulaya. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen, mwalimu wa Denmark, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Na Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete Staffordshire, Uingereza, na John Masefield, aliyekuwa wakili. Desemba 1912 akakamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Kwa msomaji aliyewahi kuwaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme Afrika Mashariki mwezi Machi, kisha asubuhi moja nyaya zikawa tupu, huu ndio upande wa pili wa hadithi hiyo.

Hatua ya 6: Watenganishe watatu wa angani

Mbayuwayu wa kawaida ana paji na koo vya rangi nyekundu ya kutu, mgongo wa buluu iliyoiva, na mkia wenye ncha mbili ndefu. Huingia ndani ya banda kujenga, akitumia mamia ya vidonge vya tope. Wa pili, Delichon urbicum, ana mkia mfupi na baka jeupe juu ya kiuno. Hujenga nje, chini ya upenu. Ukiona jeupe hilo ndege akigeuka, umemaliza.

Wa tatu, teleka, si ndugu yao kabisa ingawa anafanana nao. Ni mweusi karibu wote, mabawa yake yamepinda kama mundu, na hupita juu ya mapaa kwa makundi akipiga mayowe. Hatui kwenye waya kamwe. Aliyetua kwenye waya si teleka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2016 kwamba baadhi ya teleka hukaa angani miezi 10 mfululizo bila kutua. Yeye hufika mwisho, wiki ya kwanza ya Mei hivi.

Kati ya hao hufika kekeo, mwishoni mwa Aprili. Utamsikia mara nyingi kabla hujamwona hata mara moja. Akiruka hufanana na kipanga, mabawa yakishuka chini ya usawa wa mwili bila kupanda sana juu yake, na hilo ndilo huwapoteza watu. Anayetaja jina lake ni dume. Jike hutoa mlio wa kububujika, kisha hupenya kwenye mafunjo kutaga yai kwenye kiota cha mwingine. Usimchelewee: wazazi huanza kurudi Afrika Juni, wakiwaachia wengine kulea.

Hatua ya 7: Aprili msituni, na adabu zake

Sasa rudi msituni. Anemone nemorosa, maua meupe yenye petali sita au saba, hujaa chini ya miti na hujifunga usiku na mvua ikikaribia. Huenea kwa mizizi, polepole mno, takriban mita mbili kwa miaka 100. Kwa hiyo ukikuta eneo pana limejaa anemone, hapo pamekuwa msitu kwa muda mrefu sana.

Baadaye kidogo hufuata Hyacinthoides non-scripta, yenye maua ya buluu-zambarau. Ya asili ya Uingereza huinamisha shina upande mmoja, ina harufu nzuri, na chavua yake ni rangi ya maziwa. Ile ya Kihispania iliyotoroka bustanini husimama wima, maua yameizunguka pande zote, na chavua yake mara nyingi ni ya buluu. Tena lenzi itakusaidia.

Baki kwenye njia iliyokwishakanyagwa. Si kwa ajili ya sheria tu, ingawa Uingereza sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Jani la mmea huu likipondwa haliwezi tena kutengeneza chakula, na kitunguu chake hudhoofika kwa miaka. Picha za watu walioketi katikati ya maua zina gharama ambayo haionekani pichani. Mbwa naye afungwe kamba kwenye uwanda wa wazi, maana kipozamataza hutaga chini kwenye nyasi.

Hatua ya 8: Alfajiri moja ya Mei

Fanya hivi walau mara moja. Fika msituni saa moja kabla ya jua kuchomoza, siku isiyo na upepo, ukae. Robini na ndege mweusi mwenye mdomo wa chungwa huwa miongoni mwa wa kwanza, wadogo hujiunga kadiri mwanga unavyoongezeka. Hewa wakati huo imetulia na sauti hufika mbali, na bado ni giza mno kutafuta chakula. Usijaribu kuwataja wote; chagua sauti mbili unazozijua na uzifuate ndani ya ile kelele. Nyingine zitajitenga zenyewe.

Hatua ya 9: Andika tarehe

Andika tarehe, mahali, upepo, na kitu ulichokiona. Basi. Robert Marsham wa Norfolk alianza hivyo mwaka 1736: siku ya kwanza ya mbayuwayu, jani la kwanza la mwaloni, sauti ya kwanza ya kekeo. Familia yake iliendelea hadi 1958, na daftari zake hutumiwa na wanasayansi wanaochunguza mabadiliko ya tabianchi.

Sababu ni kwamba si vyote hufuata saa moja. Mimea na viwavi huharakishwa na joto. Ndege aliye Afrika hawezi kujua hali ya hewa ya Uholanzi. Huongozwa zaidi na urefu wa mchana. Joto likiwahi, viwavi hujaa na kwisha kabla makinda hayajaanguliwa. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2006 kwamba kwenye misitu ambako viwavi huwahi zaidi, ndege mdogo mweusi na mweupe aitwaye Ficedula hypoleuca alikuwa amepungua kwa takriban asilimia 90 ndani ya miongo miwili. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka ukurasa wa majani ya mwaloni mmoja, mti ule ule kila mwaka, karibu na ukurasa wa ndege.

Kuwasili ni rahisi kuandika. Kuondoka ndiko huwashinda watu, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba teleka aliyemwona leo ndiye wa mwisho. Dawa yake ni kutia alama kila siku unayowaona kuanzia katikati ya Julai, hata kama ni nukta tu ya penseli. Mwanzoni mwa Agosti nukta zitakoma, na tarehe utakuwa nayo.